Nani Anakumbuka kwa Niaba ya Aliyesahau?

Katika riwaya ya mwandishi wa Kijapani Yoko Ogawa iliyochapishwa mwaka 2003, yumo profesa wa hisabati ambaye suti yake imejaa vikaratasi vilivyobanwa kwa vibanio, mikononi na kifuani. Kimojawapo kinamweleza jambo ambalo lazima alisome upya kila siku: kwamba kumbukumbu yake hudumu dakika 80 tu. Ajali ya gari ya mwaka 1975 ilimwachia yote aliyoyajua hadi wakati huo, ikamnyima uwezo wa kuhifadhi lolote lililofuata. Mfanyakazi wa nyumbani anapofika kwa mara ya kwanza, profesa hamuulizi jina bali saizi ya viatu. Anapojibiwa kuwa ni 24, anafurahi, kwa kuwa 24 ndiyo jawabu la kuzidisha moja, mbili, tatu na nne. Kesho yake mwanamke yuleyule ni mgeni tena, na mazungumzo yanaanza upya kwa namba.

Nimeanza na suti hiyo kwa sababu inakwenda kinyume na tulivyozoea. Riwaya nyingi za kupoteza kumbukumbu hupita njia moja: mtu hupata ajali, huzinduka hospitalini bila kujua jina lake, huhangaika kurasa mia tatu akijitafuta, kisha harufu fulani, wimbo au pigo la pili la kichwa humrudishia yote kwa mkupuo. Taharuki imekwisha kujengwa, msuko unajifunga wenyewe, na msomaji anaridhika. Wapo wanaoziona riwaya hizi kuwa udanganyifu wenye faida kubwa sokoni, na wapo wanaoziona kuwa miongoni mwa njia bora ambazo fasihi imewahi kupata za kuuliza mtu ni nani hasa.

Hoja ya wanaozilaumu huanzia kwenye tiba, na kwa upande huo wana ushahidi wa kutosha. Wataalamu hutofautisha kusahau yaliyotokea kabla ya jeraha na kushindwa kuhifadhi yanayotokea baada yake. Mgonjwa aliyechunguzwa kuliko wengine wote katika historia ya fani hii, Mmarekani Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 27 ili kutibiwa kifafa, na sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo wake zikaondolewa, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008 alishindwa kuhifadhi kumbukumbu za matukio mapya, lakini jina lake alilijua, wazazi wake aliwafahamu, na mengi ya utotoni hakuyapoteza. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuatisha mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku mkono ule ulizidi kuwa hodari, ingawa mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Riwaya ya kawaida hugeuza picha hii juu chini. Mhusika wake mkuu hupoteza jina, ndoa na utoto, kisha hukumbuka barabara kila dokezo analolipata kuanzia sura ya pili, kama mpelelezi mwenye daftari kichwani. Tangu mwaka 1881 mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot alikwisha kueleza kwamba kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea na za zamani hudumu zaidi. Kupoteza utambulisho wote huku uwezo wa kujifunza ukibaki ni jambo linalotokea kweli, lakini ni nadra, na mara nyingi huhusishwa na mfadhaiko mkubwa wa nafsi kuliko na kugongwa kichwa. Pigo la pili, kwa upande wake, halirudishi chochote, linaongeza jeraha.

Je, hilo linatosha kuitupa riwaya? Mimi nadhani halitoshi. Hakuna anayesoma riwaya ili ajifunze upasuaji, na mwandishi ana haki ya kuondoa kitu kimoja katika maisha ya mtu ili atazame kinachobaki. Mfano mzuri wa utetezi huu ni riwaya ya Rebecca West ya mwaka 1918 kuhusu askari Mwingereza, Chris Baldry, anayerejeshwa nyumbani kutoka vitani akiwa amesahau miaka 15 ya mwisho ya maisha yake. Chris hamtambui mkewe, Kitty. Anayemtaka ni Margaret, binti wa mwenye nyumba ya wageni aliyempenda ujanani, ambaye sasa ni mke wa mtu mwingine, amefubaa na ni maskini. Daktari bingwa angeweza kuupinga ugonjwa huu kwa urahisi, lakini kinaya kilichofumwa juu yake hakiepukiki. Chris ana furaha kwa kuwa amesahau, na akipona, jeshi litamrudisha kwenye mahandaki. Hatimaye Margaret mwenyewe, yule mwenye cha kupoteza, anamtolea fulana na mpira wa mtoto wake aliyekufa, mtoto ambaye Chris hakumbuki kuwa alimzaa. Chris anaporudi kuelekea nyumbani, kumbukumbu imemrudia na mwendo wake umekuwa wa askari. Kitty anafurahi kwamba mumewe amepona, na msomaji hajui pa kuuweka uso wake.

Hapo ndipo ninapoona kwamba pande zote mbili za mjadala huu hutazama mahali pamoja kupita kiasi. Zote humkazia macho aliyesahau: kama ugonjwa wake ni wa kweli, kama nafsi yake ingali ileile. Kinachotokea hasa katika riwaya ya West kimo kwa wanawake watatu wanaokumbuka: mke, mpenzi wa zamani, na binamu anayesimulia. Wao ndio wanaojua, na wao ndio wanaolazimika kuamua. Aliyesahau hana mzigo; mzigo umehamia kwa jirani zake. Kipimo changu cha riwaya za aina hii kimekuwa hicho. Namtafuta anayekumbuka kwa niaba ya mwingine, na gharama anayolipa.

Kukumbuka kwa niaba ya mwingine ni mamlaka pia, na si kila mtu huyatumia kwa wema. S. J. Watson, katika riwaya yake ya mwaka 2011, anamchora mwanamke aitwaye Christine ambaye kila asubuhi huamka bila kumjua mwanamume aliyelala kando yake. Mwanamume huyo humweleza kwamba ni mumewe, humwonyesha picha, humsimulia maisha yao, na Christine hana cha kulinganisha nacho isipokuwa shajara anayoiandika kwa siri. Sitasimulia mwisho. Inatosha kusema kwamba wanaoiona riwaya hiyo kuwa ya kusisimua tu wanaipunja, kwa sababu hofu yake haitokani na ugonjwa bali na jambo ambalo hata wazima wanalijua, yaani kwamba anayekusimulia historia yako anaweza kuchagua cha kukata. Ni kweli kwamba usahaulifu wa Christine umepangwa kwa urahisi wa msuko, kumbukumbu zikifutika usiku na kuanza upya asubuhi kama saa ya ukutani, na hapo wanaolalamika wana haki. Lakini shajara ile inabaki kuwa picha sahihi ya kitu kimoja: ushahidi wa mkono wako mwenyewe, hata usipoukumbuka, una uzito tofauti na ushahidi wa mdomo wa mwingine.

Suala la kujenga maisha upya ndilo gumu zaidi, na hapa hekima yetu ya methali nayo inavutana. Tunaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaambiwa pia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Riwaya ya Liane Moriarty ya mwaka 2009 imesimama katikati ya mvutano huo. Alice anaanguka kwenye ukumbi wa mazoezi na kuzinduka akiamini ana miaka 29, ana mimba ya mtoto wa kwanza na anampenda mumewe, ilhali ana miaka 39, watoto watatu, na talaka iko njiani. Wanaoitetea wanasema kwamba macho ya Alice wa zamani yanaona alichozoea Alice wa sasa, yaani ukali wake mwenyewe, na kwamba kusahau kumempa nafasi ambayo ushauri wa miaka usingempa. Nakubali, kwa kiasi. Ila mumewe anaukumbuka kila ugomvi, na watoto wanakumbuka milango iliyobamizwa. Kumsamehe mtu kwa kosa usilolikumbuka si kusamehe. Ni kutokuwa na habari. Nadhani Moriarty aliliona tatizo hilo, maana kumbukumbu inarudi, na Alice analazimika kuishi na wanawake wawili ndani yake kwa wakati mmoja. Sehemu hiyo ndiyo iliyostahili kurasa nyingi zaidi.

Mwandishi Mfaransa Patrick Modiano, katika riwaya iliyompa tuzo ya fasihi ya Goncourt mwaka 1978, anakataa kabisa kutoa faraja ya kumbukumbu inayorudi. Mpelelezi wake aliyesahau maisha yake anakusanya picha, anwani na majina ya Paris ya miaka ya vita. Anajiona huyu, kisha yule, na hathibitiki kuwa yeyote. Husomwa mara nyingi kama riwaya kuhusu kusahau kwa Ufaransa yenyewe. Ni usomaji halali, ingawa una hatari yake, kwani taifa likishaingia mlangoni, mgonjwa hutoka dirishani.

Kinachokosekana karibu kila mahali ni kazi yenyewe ya kujenga, ambayo ni ya kuchosha. Wanaowasaidia watu walioharibika kumbukumbu huwaelekeza hatua kwa hatua bila kuwaacha wabahatishe, kwa kuwa asiyekumbuka kwamba alikosea hawezi kujisahihisha, na kosa la leo huota mizizi likawa mazoea ya kesho. Kuna lebo kwenye kabati, kengele ya kukumbusha dawa, daftari mahali palepale kila siku, na mtu wa kuvirudia vyote bila kukasirika. Waandishi wengi huyakwepa haya wakiogopa kumchosha msomaji. Naielewa hofu yao, lakini kumbukumbu inayorudi kwa mkupuo inamfutia jasho lake yule aliyerudia maneno yaleyale mara elfu.

Ogawa hakukwepa. Katika riwaya yake marudio ndiyo maisha. Mfanyakazi anajifunza kutosema kwamba swali limekwisha kuulizwa, na mwanawe, ambaye profesa anamwita Kipeuo kwa kuwa utosi wake bapa unafanana na alama ya kipeuo cha pili, anajifunza hivyohivyo. Hakuna pigo la pili la kichwa. Zile dakika 80 zinapungua hadi zinakwisha, profesa anahamishiwa kwenye makazi ya wagonjwa, na mama na mtoto wanaendelea kumtembelea kwa miaka. Kipeuo anakuwa kijana na kufaulu kuwa mwalimu wa hisabati. Profesa ana kadi ya mchezaji wa besiboli inayoning'inia shingoni, zawadi aliyopewa nao zamani, na hawezi kusema imetoka kwa nani.