Kuku wa Chaneli ya Saba

Simu ikilia saa kumi na moja alfajiri, kwetu haina maana mbili. Kuna mtu amefariki kijijini, na wewe uliye mjini anza kutafuta nauli na mchango. Kwa hiyo leo ilipolia nilikaa wima kitandani, nikasafisha koo mpaka nikapata sauti ya msiba. Mama watoto akawasha taa, kifua kashika tayari. Nikapokea.

"Bosi, ile miksa yako nimeipata. Ya zamani kabisa, ya Mwingereza. Na magurudumu yote mawili yako sawa."

Magurudumu.

Ni dalali wangu wa soko la Kibuye, hapa Kisumu. Hii ni miksa ya tatu ya simiti anayonitafutia tangu mwezi uanze. Kila nikimweleza kwamba mimi nataka miksa ya sauti, ile meza ya kuchanganyia muziki, yenye nobu za kuzungusha na feda za kusukuma, ananijibu, "Hata hii ina sauti, bosi, ngoja uiwashe." Wiki jana mwenzake wa soko la Jubilee alinikimbiza mpaka kwa mwoka mikate. Ile nayo ilikuwa miksa kweli. Ya keki.

Mama watoto alizima taa bila kusema neno. Afadhali angesema.

Sasa, mimi ni mtu mwenye studio. Najua pale mtaani Manyatta watu wanaiita chumba cha watoto, na ni kweli watoto hulala humo, lakini wakishaenda shule ni studio. Ukutani nimebandika trei za mayai. Msinifundishe, najua kwamba trei ya mayai haizuii sauti kuingia wala kutoka. Inapunguza mwangwi kidogo na kumfanya mteja aone anacholipia. Ndiyo maana kila wimbo niliorekodi mwaka huu una yule jirani yangu mchomeleaji milango ndani yake. Kuna kwaya moja ilimpenda, wakaniuliza ile ni ala gani.

Lakini shida yangu si mchomeleaji. Shida ni laptopu. Kila kitu kinatoka humo kikiwa safi mno, safi kama maji ya chupa, hakina ladha ya mtungi. Weka santuri ya benga ya miaka ya 1970, ya Nairobi au zile za Chandarana kule Kericho, usikie gitaa linavyokusogelea mpaka unarudisha kiti nyuma. Halafu weka gitaa nililorekodi mimi juzi. Limesimama mlangoni, limevua viatu, linabisha hodi. Wanaojua wakaniambia siri mojawapo iko kwenye zile meza za zamani. Ukiizidishia sauti, meza ya analogi, isiyo na kompyuta ndani, huinenepesha kwanza. Laptopu ukiizidishia inapasuka papo hapo kama debe.

Basi ugonjwa ukaanza hapo. Nikasoma kwamba studio ya Sound City kule Los Angeles ilipofungwa mwaka 2011, mwanamuziki wa roki Dave Grohl alinunua meza yao ya Neve akaihamishia kwake. Mimi na Grohl hatupishani kitu isipokuwa pesa. Nikamwambia mama watoto kwamba hata Bruce Springsteen, yule mwimbaji wa Marekani, mwaka 1982, alitoa albamu nzima aliyoirekodi nyumbani kwa kimashine cha kaseti cha Tascam. Akaniuliza, "Na watoto wake walikuwa wanalala wapi?" Nikaenda kutafuta. Kumbe wakati ule hakuwa na watoto. Jibu hilo sikumpelekea.

Nakuru nilinunua miksa ya Kimarekani. Muuzaji alisema inataka transfoma kwa sababu umeme wao ni volti 120 na wetu ni 240, nami nikadhani ananiongezea bei. Ilitoa moshi mara moja ikapumzika kwa amani. Kuna kanisa lina meza nzuri imefunikwa kitambaa cha madhabahu, lakini wanasubiri kamati ikae. Inasubiriwa ikae tangu Machi.

Ndipo mtu wa bodaboda akaniambia kuna mzee kule Luanda ya Vihiga aliyekuwa akikodisha vyombo vya matanga.

Nikapanda matatu ya Busia. Tulikaa wanne kwenye kiti cha watatu, haya mnayajua. Nikavuka ikweta pale Maseno goti likiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Mzee alinipokea vizuri. Kwa watu wa Bunyore hakuna kusema shida kabla ya chai, na chai haiji bila viazi vitamu, na viazi haviji bila habari za wote waliofariki tangu mwaka 1998. Saa nane ndipo tukaingia kwenye kibanda cha nyuma. Akavuta gunia.

Jamani, Soundcraft 200B. Chaneli 16, yaani njia 16 za kuingizia sauti. Chuma cha Uingereza cha miaka ya 1980. Moyo uliniruka, lakini usoni nikakaza kama mnunuzi anayekagua mahindi yaliyooza, maana ukicheka tu bei inapanda.

Chini ya kila feda mzee alikuwa amebandika plasta na kuandika mwenye chaneli: KWAYA, PASTA, CHIFU, WAKWE, MJANE, SHEMEJI, KINANDA. Feda ya CHIFU ilikuwa imelika upande wa chini kwa kuteremshwa.

"Huyo akishika maiki haachii," mzee akasema. "Ilibidi nimshushe pole pole mpaka adhani ni masikio yake."

Na kuanzia MJANE mpaka kule mbele ya KINANDA, kulikuwa na kuku.

"Mzee, kuna kuku juu ya miksa."

"Anaatamia."

"Naona. Hatuwezi kumhamishia kwenye kikapu?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kijana wangu, nyinyi wa ziwani mnajua samaki. Samaki hutaga akaenda zake. Kuku si hivyo."

Nikataka kumwambia kwamba ngege, yule sato wetu, hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na katika muda huo wote hali kitu. Lakini nani anashinda mabishano ya kuku akiwa Luanda?

"Kuku ni siku 21," mzee akaendelea. "Huyu yuko siku ya sita. Na hapo ndipo kicheche hapafiki."

Nikasema sawa, nikague zile chaneli zisizo na kuku. "Feda zake zinateleza vizuri, mzee?"

"Fedha? Elfu sitini."

"Hapana, nauliza feda. Hizi za kusukuma."

"Na mimi nimekujibu fedha."

Nikapiga magoti. Mimi, mtu mzima, mwenye studio, nikapiga magoti kwenye mavi ya kuku nikawasha tochi ya simu nichungulie nyuma, penye matundu ya waya. Kuku akanifuata kwa jicho moja. Nikapeleka kidole kwenye nobu ya chaneli ya nne, ambayo kwa hesabu yangu ilikuwa nje ya mipaka yake. Kwa hesabu yake haikuwa nje. Alinidonoa hapa, kwenye kiungo, damu ikatoka. Nikamwambia, "Samahani, mama." Sijui ni kwa nini nilimwita mama. Ilinitoka tu.

Nikarudi kwenye biashara. Nikamweleza mzee kwamba kapasita, vile vidude vya ndani vya kuhifadhi umeme, za umri huo hukauka zenyewe hata mashine ikiwa imelala, kwa hiyo lazima nibadilishe zote, na nobu zote nizinyunyizie dawa kwa sababu lazima zinakwaruza. Kuhusu kinyesi sikusema, nikamwachia ajionee.

"Hata mimi nimekauka," mzee akasema, "na mwaka jana nimelima ekari mbili."

Tukashuka, tukapanda, tukanywa chai nyingine, tukasimama kwenye elfu thelathini na mbili, kuichukua ni baada ya vifaranga. Hapo kichwa kikaniingia upepo nikadai kifaranga mmoja, kwa kuwa atakuwa ameanguliwa juu ya mali yangu. Mzee akafikiri sana, akasema, "Hiyo ni haki." Nikatuma elfu tano za kishika uchumba papo hapo. Nikaona mimi ndiye mfanyabiashara, Kisumu nzima.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka. Soundcraft ya aina hii haichomekwi ukutani hivi hivi. Umeme wake unatoka kwenye pawa saplai iliyo kisanduku chake peke yake, kinachounganishwa na meza kwa waya mnene. Bila kisanduku hicho, meza ni meza, unaweza kuandalia chakula.

"Mzee, pawa saplai iko wapi?"

Mzee akatazama mvua ambayo haikuwepo.

"Anayo mdogo wangu."

Kumbe biashara ya vyombo ilikuwa ya ndugu wawili. Waligombana, sababu sikuambiwa, wakagawana. Spika huyu mbili na yule mbili. Maiki vivyo hivyo. Ilipofika kwenye miksa, mkubwa akachukua meza na mdogo akachukua kisanduku, kila mtu akaona amepata sehemu yenye maana. Hawajasalimiana mwaka wa kumi na moja sasa. Na huyo mdogo haishi Uganda! Anaishi nyuma ya ua, hatua kumi na tano, nilizihesabu, nilimwona akipukuchua mahindi.

"Sasa mzee, miaka yote hiyo mmekuwa mkiiwasha vipi?"

"Tungeiwasha vipi?"

"Na yeye kisanduku anakifanyia nini?"

"Muulize. Mimi siongei naye."

Nikazunguka ua. Mdogo mtu alikuwa amekikalia. Amekifanya kigoda, na amekishonea kimto juu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akapangusa mikono, akasema kisanduku hauzi. Lakini kama kaka yake anakihitaji, na aje mwenyewe aombe, na akija asije mikono mitupu.

"Aje na nini?"

"Aje na kuku wangu."

"Kuku gani?"

"Huyo anayeatamia huko kwake. Ni wangu huyo. Alivuka ua."

Nikakaa chini. Ndugu zangu, nilikaa chini pale kwenye maganda ya mahindi. Maana nilichotaka mimi ni gitaa lisikike kama gitaa. Sikuja kurithi kesi. Sasa nimelipia elfu tano ya nusu miksa, chaneli tatu zina mama mzazi ambaye si wa muuzaji, kifaranga niliyedai ni cha wizi, na umeme wa mashine umekaliwa na mtu mwenye makalio yenye hasira ya miaka kumi na moja! Nani amewahi kununua kitu kikaisha kununuliwa katika nchi hii? Unanunua shamba unakuta lina binamu. Unanunua pikipiki unakuta ina mkopo. Mimi nimenunua miksa ina ukoo!

Mzee akaniita kutoka upande wake, mdogo naye akanijibia kutoka upande wake, wote wawili kupitia kwangu. "Mwambie." "Na wewe mwambie." Nikawa kama waya, naunganisha sanduku na meza. Mwishowe wakakubaliana jambo moja, la kwanza tangu wagombane, kwamba mimi nirudi Jumamosi na wazee wawili na kilo nne za sukari, tuketi.

Wazee wawili mimi nawatoa wapi? Nimemuuliza mchomeleaji. Anasema atakuja kama kutakuwa na kuku.

Nilivyorudi Kisumu jioni hiyo mama watoto akapiga simu, si kwa kuuliza habari ya miksa, ila nipitie Kibuye ninunue samaki. Nikapita. Mama mmoja akaniinulia samaki mzuri, mnene, ana barafu masikioni. Nikamuuliza ametoka Dunga, ufuoni pale? Akacheka na jirani yake. Ametoka Uchina, ndani ya boksi, yule! Mimi kwetu ukirusha jiwe vibaya linaangukia Ziwa Victoria. Babu yangu alikufa hajui kama samaki anaweza kupakiwa kwenye boksi. Na huyu wa boksi bei yake ni nusu ya yule wa hapa, ambaye yuko mmoja tu pale mezani, mdogo, amelala ubavu, na mwenye naye hataki hata umguse kabla ya kutaja bei. Nikataja. Akamfunika kwa gazeti.

Nikanunua omena.