Matumbawe ya matawi katika nyumba ya Kampala

Anayefuga samaki wa maji ya chumvi Kampala hakawii kuyatamani matumbawe magumu yenye matawi, yaani wanyama wadogo wa baharini wanaoishi pamoja juu ya mfupa wa chokaa wanaoujenga wenyewe: Acropora, Pocillopora, Stylophora na jamaa zao. Ndiyo yanayojenga miamba ya baharini, na ndiyo yanayokufa upesi mikononi mwa mtu asiye na subira. Wapo wanaosema kuyaleta katika nchi isiyo na pwani ni kuharibu pesa na kuharibu bahari. Wapo wanaosema ni elimu, na kwamba kila tawi linalokuzwa tangini linaliacha jingine mwambani. Mimi naona yanafugika hapa, kwa sharti moja nisilolilegeza: kila kipande kiwe kimekatwa kwenye tumbawe lililokuzwa tangini.

Nianze na hali ya hewa, maana hapo wapinzani hukosea. Matumbawe haya hupenda maji ya nyuzi 25 au 26. Yakikaa juu ya 30 kwa muda, huufukuza mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kuyalisha sukari, ndipo yanapopauka. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hulazimika kununua mashine ya kupoza maji. Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na hita ndogo inatosha. Tena tuna madirisha yanayokaa wazi. Katika nchi za baridi nyumba hufungwa, kaboni dayoksaidi hujaa chumbani, pH ya tangi (kipimo cha ukali wa asidi majini) hushuka na mifupa ya tumbawe hujengeka polepole. Sisi tatizo hilo hatuna.

Lakini mwinuko huo huo una ubaya wake. Hewa nyepesi huacha oksijeni kidogo majini: pwani, maji ya chumvi ya nyuzi 26 hubeba takriban miligramu 6.6 kwa lita, ila hapa hayafiki 6. Pampu zikizunguka huoni tofauti. Umeme ukikatika saa nane za usiku ni mambo mengine: taa zimezimwa, kila kiumbe kinavuta oksijeni na hakuna kinachoirudisha, na Acropora, aliyezoea mkondo mkali, amesimama kwenye maji yaliyotulia. Asubuhi unaweza kukuta nyama imeanza kumenyuka kuanzia shinani, mfupa mweupe ukionekana. Kwa hiyo betri na inveta ya kuendesha pampu hununuliwa kabla ya tumbawe la kwanza.

Gharama? Tangi la lita 300 hula kilo 11 hivi za chumvi maalumu kulijaza mara ya kwanza, na kilo moja kila unapobadilisha asilimia 10 ya maji. Maji ya bomba lazima yapite kwanza kwenye mashine ya RO, inayoyachuja hadi yabaki karibu matupu. Taa, pampu na hita zinaweza kumaliza yuniti 6 kwa siku, na kwa bei inayopita shilingi 700 kwa yuniti, hizo ni zaidi ya 120,000 kwa mwezi. Anayesema ni pesa nyingi katika nchi hii anasema kweli, na sina jibu la kumnyamazisha.

Uzito wa suala, kwangu, uko kwenye asili ya tumbawe. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe vinavyouzwa nje kwa kibali tu, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, na kibali huonyesha kwa herufi yalikotoka: W ni ya porini, C ni yaliyozalishwa na kufugwa. Tumbawe lililong'olewa baharini huja na minyoo bapa inayokula Acropora, mara nyingi halizoei taa wala maji ya tangi, na likifa mwenyewe huagiza jingine.

Kipande kilichokatwa tangini ni habari tofauti kabisa. Ni ncha ya sentimita 3, imekatwa kwa koleo na kubandikwa kwa supagluu juu ya kigae kidogo. Siku za mwanzo kidonda ni cheupe. Baadaye nyama hutambaa juu ya gundi, ukingo mwembamba uliokolea rangi, hadi ikashika kigae. Hapo unajua limekubali. Kinachobaki ni kutoyumbisha vipimo vya maji. Alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti ambayo tumbawe hujengea mfupa, ikae karibu na 8 kwa kipimo cha dKH, na kalsiamu karibu na miligramu 420 kwa lita. Kuipandisha alkaliniti kutoka 7 hadi 10 kwa siku moja huunguza ncha za matawi, hata kama 10 yenyewe si sumu.

Hoja moja ya upande wangu siikubali: kwamba tunaokoa miamba. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe hai ya Kenya na Tanzania, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Tangi la Ntinda, hapa Kampala, halizuii hilo. Vipande vyetu ni nakala za mzazi mmoja, na kuvirudisha baharini ni kupeleka magonjwa. Anayetaka kuisaidia bahari achangie vitalu vya matumbawe vya Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya.

Wapinzani nao wana hoja nzito wasiyoitumia vya kutosha, nayo ni nkejje. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za samaki hawa wadogo, wengi wao hawapatikani kwingine duniani. Sangara, yaani mputa, aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi zilikuwa zimetoweka. Tangi la nkejje halitaki chumvi ya kuagiza wala mashine ya RO. Inaniuma kuona tunajua majina ya Acropora wa Fiji kuliko ya samaki wa Entebbe, na yeyote ambaye moyo wake haujafungwa na bahari ningempeleka huko kwanza.

Aliyekwisha kuamua aanze na Montipora ya matawi, inayosamehe zaidi, na Acropora asubiri tangi litimize mwaka. Siku ya kununua amwombe muuzaji amwonyeshe koloni mama, yaani tumbawe lililokatwa kipande hicho, likiwa majini, na kibali kama limetoka nje ya nchi. Akionyeshwa picha za simu tu, arudi nyumbani mikono mitupu.