Hadteli: kununua iliyokamilika au kuiunda mwenyewe?

Anayetafuta hadteli, yaani baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu na nyuma fremu kavu, hukutana na kambi mbili. Moja humwambia anunue baiskeli kamili, aipande mpaka vipuri vichakae, ndipo aanze kubadilisha. Nyingine humwambia anunue fremu tupu, aijenge kipuri kwa kipuri, apate kitu kinachomkaa sawasawa. Kila kambi ina hoja. Tatizo ni kwamba zote mbili hubishana zaidi juu ya gia na breki, vitu vinavyobadilishwa kwa jioni moja, na kupita haraka mambo mawili yasiyobadilika kirahisi: umbo la fremu na urefu wa foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu na kubeba shokapu.

Kwanza, kwa nini hadteli? Hoja ya zamani ilikuwa wepesi na kasi, na imepungua nguvu. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý alitwaa dhahabu ya mbio za nyika za baiskeli akiwa juu ya baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, na Rio mwaka 2016 Nino Schurter akafanya vivyo hivyo. Hoja iliyobaki imara ni urahisi. Nyuma hakuna viungo vyenye beringi za kubadilisha wala shokapu ya kufanyiwa matengenezo, na kwa bajeti ileile unapata foku na magurudumu bora zaidi. Ile nyingine, kwamba hadteli humfundisha mtu kuchagua njia, naikubali nusu. Humfundisha kweli, lakini mwenye mgongo mbovu hapati somo, anapata maumivu.

Sasa umbo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Chukua foku yenye mwendo wa milimita 140, yaani inayoweza kudidimia kiasi hicho. Ikididimia milimita 100 kwenye mteremko wenye mawe, nyuma ya hadteli haishuki, kwa hiyo baiskeli nzima inainamia mbele. Kwa makadirio, kila milimita 20 za foku hubadilisha pembe ya shingo ya fremu, yaani ulalo wa bomba la mbele linaloshika foku, kwa takriban nyuzi moja; nyuzi zikiwa chache, shingo imelala zaidi na baiskeli inatulia. Fremu iliyoandikwa nyuzi 65 kwenye jedwali la vipimo inakaribia 70 palepale unapohitaji utulivu kuliko mahali pengine popote. Baiskeli ya shokapu mbili hushuka mbele na nyuma pamoja, hivyo pembe yake haiyumbi kiasi hicho. Kwa sababu hiyo nyuzi 64 au 65, ambazo kwa aliyezoea fremu za zamani za 70 na 71 zinaonekana kama mzaha, kwenye hadteli ya njia mbovu zina mantiki kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo sivutiwi na hadteli za foku ya milimita 160. Mbele inakuwa godoro, nyuma inabaki jiwe, na mpandaji anashawishika kwenda kwa kasi ambayo gurudumu la nyuma haliwezi kuistahimili. Milimita 100 hadi 120 zinatosha mbio na safari ndefu. 120 hadi 140 zinatosha njia za milimani zenye mizizi na mawe. Anayeona anahitaji zaidi ya hapo, nadhani anahitaji baiskeli ya aina nyingine. Kupachika foku ndefu kwenye fremu iliyobuniwa kwa foku fupi si njia ya mkato: ya 140 kwenye fremu ya 100 hulaza pembe kwa nyuzi mbili hivi, huinua krenki (mikono ya pedali), hukirudisha kiti nyuma na kuongeza mkazo kwenye shingo ya fremu. Dhamana nayo inaweza kwenda na maji.

Malighafi ya fremu hupewa maneno mengi kuliko inavyostahili. Chuma cha kromoli hunesa kidogo na ni rahisi kuunganishwa kikipasuka, alumini ni nyepesi na nafuu, titani na kaboni ni za mwenye mfuko mzito. Lakini tairi la nyuma la inchi 2.4 au 2.6 lisilo na tyubu, lililojazwa upepo kwa kiasi, hulainisha njia kuliko tofauti ya fremu hizo zote. Kwenye hadteli, tairi hilo ndilo shokapu ya nyuma.

Turudi kwenye kambi zetu. Kwa bei, baiskeli kamili hushinda karibu kila mara, kwa kuwa kiwanda hununua vipuri kwa wingi, nawe dukani unanunua kimoja kimoja. Ubaya wake ni mahali kiwanda kinapobania: matairi ya mpira mgumu usioshika, breki dhaifu, habu (vitovu vya magurudumu) za kawaida sana, na kwenye matoleo ya chini, foku ya springi ya chuma isiyorekebishika kwa uzito wa mpandaji. Gia nzuri ya nyuma huwekwa ionekane, kwa kuwa mnunuzi huitazama kwanza.

Anayeunda huepuka hayo, ila huingia kwenye msitu wa vipimo. Upana wa habu ya nyuma unaweza kuwa milimita 135, 142 au 148. Kaseti (rundo la gia za nyuma) ya Shimano ya gia 12, ambayo gia yake ndogo kabisa ina meno 10, hukaa kwenye habu ya mfumo wa Micro Spline. Ile ya SRAM yenye gia ndogo kama hiyo hutaka habu ya mfumo mwingine, XD. Kipenyo cha nguzo ya kiti ni milimita 27.2, 30.9, 31.6 au 34.9, na kwenye 27.2 nguzo za kushushwa kwa kitufe ni chache. Fremu ya zamani yenye shingo nyembamba iliyonyooka hukunyima foku nyingi nzuri za leo, ambazo bomba lake hupanuka kuelekea chini. Kosa moja hapo na gharama inazidi kupanda. Bado kuna zana: ya kukandamiza beringi za shingo, ya krenki, ya kutoa hewa kwenye breki za mafuta, na spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Kwa hadteli ya kwanza ningeenda kwa iliyokamilika, lakini ningeichagua kama anayenunua fremu: ekseli ya nyuma ya 148, krenki zenye beringi zinazofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, shingo pana, na tundu la kupitishia waya wa nguzo ya kiti. Breki na matairi vitafuata. Kuunda kuna maana kwa mwenye foku au magurudumu mazuri tayari yanayooana na fremu, kwa mwenye mwili ambao saizi za kiwandani haziukai, na kwa anayetaka kitu adimu kama fremu ya kromoli ya gia moja. Huyo aanze na fremu, kisha foku, kisha magurudumu, na bomba la foku alikate mwisho kabisa, akiwa ameshakaa juu ya baiskeli na kuupima urefu wa usukani kwa mikono yake.