Kukata kovu ni nusu tu ya kazi

Kuna makala inayosema eti makovu ndani ya mji wa mimba "yakishasafishwa" hedhi inarudi na mambo yamekwisha? Hapo imeruka nusu ya tiba. Kukwangua mji wa mimba bila kuona ndiko mara nyingi kulikoleta makovu yenyewe: kijiko cha kukwangulia kikifika tabaka la chini la utando, lile linalouotesha upya kila mwezi, kuta mbili zilizochubuka hugandana. Kovu likatwe kwa histeroskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa ukeni hadi ndani ya mji wa mimba, daktari akiona anachokata, na mkasi mdogo una nafuu kuliko umeme, maana joto huunguza hata kile kiutando kilichosalia. Siku chache za mwanzo ndizo za hatari, kuta hutafutana tena. Ndiyo maana huachwa puto dogo ndani au jeli ya asidi ya hayaluroniki ya kuzitenganisha kuta, kisha vidonge vya estradioli (aina ya homoni ya estrojeni), mara nyingi miligramu 2 hadi 6 kwa siku kwa wiki kadhaa, vikimaliziwa na projestini, homoni nyingine. Kitanzi cha shaba cha uzazi wa mpango hapana, maana huuchokoza ukuta. Estrojeni nayo haioteshi kitu pale tabaka la chini lilipokwisha kabisa. Mliopasuliwa, mliitwa kwa histeroskopi ya marudio, au mliambiwa tu msubiri hedhi?