Sentimita Chache za Menengai na Suala la Uzamifu wa Jiofizikia

Kila linapotajwa wazo la kuwapeleka vijana wa Nakuru kusomea jiofizikia ya dunia yabisi, yaani kuchunguza undani wa dunia kwa vipimo vya fizikia, hadi uzamili na uzamifu, jibu huja upesi: kaunti yenye maeneo ya jotoardhi ya Olkaria na Menengai inahitaji wachimbaji wa visima na waendesha mitambo, si watu wa kuandika milinganyo kuhusu mawimbi ya tetemeko yanavyopinda mamia ya kilomita chini ya ardhi.

Hoja hiyo ina uzito. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na waliouendeleza mradi huo wengi wao walikuwa wahandisi na wanajiolojia waliofunzwa kwa vitendo, wakiwemo waliopitia kozi ya jotoardhi ya takriban miezi 6 nchini Iceland, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1979 na imepokea Wakenya wengi. Anayerejea kutoka huko anajua kupima ukinzani wa umeme wa miamba na kumwonyesha mchimbaji pa kutoboa. Uzamifu, kwa upande mwingine, hula miaka na karo, na mhitimu akikosa nafasi chuoni huenda akaishia kufundisha fizikia katika shule ya upili au kuhamia ng'ambo. Mzazi wa Njoro anayeuliza kazi iko wapi hakosei kuuliza.

Hata hivyo, hoja hiyo huchukulia kwamba kozi fupi na masomo ya kina yanajibu swali moja, na hapo ndipo inapoteleza. Vipimo vya rada za setilaiti vilionyesha kuwa kati ya mwaka 1997 na 2000 ardhi ya volkano za Menengai na Suswa ilishuka kwa sentimita kati ya 2 na 5, na kwamba ile ya volkano ya Longonot ilipanda kwa takriban sentimita 9 kati ya mwaka 2004 na 2006. Kupata takwimu za aina hiyo si kazi ngumu tena, kwani siku hizi picha nyingi za rada hutolewa bure na kompyuta ya wastani huzichakata. Ugumu huanza mtu anapoulizwa ni nini kilichosogea huko chini, na kwa kina gani.

Tuchukue mfano sahili kuliko yote, ambao huichukulia magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kama tufe dogo linalovimba ndani ya mwamba unaonyumbuka. Tufe lililo kilomita 3 chini linaweza kuinua uso wa ardhi ulio juu yake kwa kiasi kilekile na tufe lililo kilomita 6 chini, mradi ongezeko la ujazo la hilo la pili liwe mara 4 ya lile la kwanza. Mtu mwenye kipimo cha sehemu moja pekee hawezi kuyatofautisha. Aliye na ramani nzima anaweza kuangalia upana wa eneo lililoinuka, lakini Menengai ina nyufa za kaldera, yaani shimo pana lililoachwa na volkano iliyoporomoka, zinazovuruga umbo hilo, na unyevu wa hewa huchelewesha mawimbi ya rada kiasi cha kuzua sentimita ambazo hazipo. Zaidi ya hayo, chanzo kikiwa bapa badala ya tufe, au kikiwa mvuke badala ya magma, hesabu yote hubadilika. Programu itatoa jibu tu, tena lenye desimali. Kujua kama jibu hilo linastahili kuaminiwa, na ni majibu mengine mangapi yanayolingana na vipimo vilevile, ndiko kiini cha masomo haya ya juu, na hakufundishiki kwa miezi 6.

Uchimbaji wa Menengai ulianza mwaka 2011, na baadhi ya visima vilipofika kina cha zaidi kidogo ya kilomita 2 vilitoa vipande vya kioo, yaani magma iliyopozwa ghafla. Sidai kwamba mwenye uzamifu wa jiofizikia angelibashiri hilo. Iceland yenyewe, pamoja na wataalamu wake wote, ilitoboa magma huko Krafla mwaka 2009 bila kutarajia. Lakini maswali yaliyofuata, kuhusu ukubwa wa magma hiyo na iwapo inasogea, yanauhusu mji wa Nakuru, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021 na ambao umekaa kwenye miteremko ya kaldera hiyo. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa takriban 6.9, linatosha kukumbusha kwamba hatari ya hapa si ya volkano peke yake.

Kisumu nayo husahaulika katika mjadala huu. Tambarare za Kano zimo ndani ya ufa wa Nyanza, tawi linaloelekea magharibi kutoka Bonde la Ufa kuu, lakini hakuna Olkaria huko, kwa hiyo hakuna shirika lenye sababu ya kibiashara ya kulipia utafiti wa kina. Tukiacha soko pekee litutungie mitaala, ufa huo utaendelea kusubiri wageni. Mradi wa kimataifa uliopima Bonde la Ufa kwa mitetemo kati ya mwaka 1985 na 1994, ambao ulionyesha kuwa ukoko wa dunia una unene wa takriban kilomita 35 chini ya Naivasha na 20 hivi chini ya Turkana, uliwashirikisha Wakenya, ila sehemu kubwa ya maswali yake ilitungwa Ulaya na Marekani.

Hatuhitaji mamia ya wasomi wa aina hii. Wachache kila mwaka watatosha, na ningependa kila mmoja awe amefanya kazi kwenye visima kwanza. Kikwazo kikubwa ninachokiona si hata ufadhili: mhitimu wa jiolojia hufika uzamili bila hisabati ya kutosha kufuata mlinganyo wa wimbi, na yule wa fizikia hufika bila kuwahi kusimama mbele ya mwamba uliopasuka. Vyuo vya Njoro, Maseno na Kakamega vingeweza kuwapa wote wawili mwaka mmoja wa maandalizi kwa gharama ndogo kuliko kumpeleka mmoja wao ng'ambo akagundue pengo hilo akiwa huko.