Guatemala: wenyewe gani kwa wenyewe gani?

Kila nikikutana na habari za Guatemala, ile nchi ya Amerika ya Kati, kwa Kiswahili naona imeandikwa tu "vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1960 mpaka 1996", basi, mtu anapita zake. Inaniuma kwakweli. Wenyewe gani? Tume ya ukweli iliyosaidiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti 1999, waliouawa na waliopotezwa ni zaidi ya laki 2, kati ya wale waliotambuliwa 83% ni Wamaya, wenyeji asilia wa nchi hiyo, na 93% ya maovu iliyoyaorodhesha yalifanywa na jeshi na vikundi vyake. Waasi 3% tu.

Alafu kuna wanaosema ah, wapiganapo tembo nyasi ndo huumia. Hapana jamani. Hizi nyasi hazikukanyagwa kwa bahati mbaya, zilifuatwa zilipo. Hesabu ya jeshi ilikuwa hivi, waasi ni samaki na wanakijiji ndo maji, kwahiyo kausha maji. Ndo maana 1982 na 1983, chini ya jenerali Ríos Montt aliyekuwa anatawala nchi, kule kwa Waixil, moja ya makabila ya Wamaya, kwenye miji ya Nebaj, Chajul na Cotzal, walichoma nyumba, wakachoma mahindi shambani, wakaua mifugo, wakaua wazee na watoto, na wengi waliowahi kukimbilia milimani walimalizwa na njaa na baridi. Mtoto wa mgongoni naye ni muasi?

Tarehe 10 Mei 2013 jaji Yassmin Barrios na wenzake walimhukumu Ríos Montt miaka 80 kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu, waliouawa ni Waixil 1,771. Siku 10 tu baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu kwa mambo ya utaratibu, mzee akafa Aprili 2018 kesi ya pili haijaisha. Septemba mwaka huohuo mahakama ikasema ndio, mauaji ya kimbari yalifanyika, ila aliyekuwa mkuu wake wa ujasusi ikamwachia huru.

Mi ninachokishika ni wale wamama wa Kiixil. Walikaa mbele ya mahakama wamefunika nyuso kwa mitandio yao wakasimulia walivyobakwa na wanajeshi, wengi kwa lugha yao wenyewe, na jenerali amekaa palepale, hedfoni masikioni, anatafsiriwa neno kwa neno.