Rambirambi kwa Washindi

Nimekuwa mhasibu kwa miaka 22, na katika muda wote huo sijawahi kuona tarakimu nyekundu iliyomletea mtu heri. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwishoni mwa Oktoba 2023, shemeji yangu aliponichukua tukatazame siku ya nne na ya mwisho ya mashindano ya dunia ya gofu ya ridhaa kwa timu za wanawake, katika Abu Dhabi Golf Club, jicho langu halikuvutiwa na jengo la klabu lenye umbo la kipanga aliyetandaza mbawa, wala na nyasi zilizostawi katikati ya jangwa, bali lilikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matokeo.

Shemeji, ambaye ujanani aliwabebea wachezaji gofu mifuko yao kule Nyali, Mombasa, alikuwa amenieleza njiani kila kitu isipokuwa kile nilichohitaji kukijua. Alinieleza kwamba kombe hilo huitwa Espirito Santo, kwa jina la ukoo wa Kireno uliolitoa (sisi wa Mombasa Wareno walituachia ngome, nasi tukakubaliana kwamba kombe lingekuwa zawadi nafuu zaidi), na kwamba lilishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 karibu na Paris, ambako Ufaransa iliishinda Marekani kwa mkwaju mmoja tu. Alipofika kwenye maelezo kwamba kila nchi huleta wachezaji watatu, lakini kila siku huhesabiwa matokeo ya wawili waliofanya vizuri zaidi na ya wa tatu yakaachwa, nilimkatiza kauli.

“Shemeji, ni hesabu gani hiyo inayofuta theluthi ya vitabu?”

Alicheka, akaegesha gari, na tulipoingia akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Nikabaki peke yangu mbele ya ubao. Juu kabisa palikuwa na Korea Kusini, ikiwa na tarakimu nyekundu yenye alama ya kutoa. Chini kabisa zilikuwapo nchi zenye tarakimu za kujumlisha, safi, zisizo na doa. Nilihitimisha kama ambavyo mkaguzi yeyote angehitimisha, kwamba wenye hasara kubwa wamewekwa juu ili wafedheheke, mfano wa orodha ya wadaiwa inayobandikwa mlangoni mwa duka.

Hatua chache kutoka pale, kando ya nyasi fupi zinazozunguka shimo, alisimama mama mmoja wa makamo aliyevaa kofia yenye bendera ya Korea Kusini, viganja amevifumba kifuani na macho yamemlowa. Kwetu mtu wa namna hiyo hapitwi bila kupewa pole. Kwa kuwa Kikorea sikijui, nilifungua programu ya kutafsiri katika simu, nikaandika kwa adabu zote nilizofunzwa: “Pole sana, mama, kwa yaliyowafika. Mungu awape subira.” Kisha nikabonyeza. Nilichosahau ni kwamba programu hiyo huisoma tafsiri kwa sauti, na kwamba sauti ya simu nilikuwa nimeipandisha hadi mwisho asubuhi ile kwa sababu ya mama mkwe, ambaye hurekodi ujumbe wake simu ikiwa chumba kingine.

Msichana mmoja alikuwa ameuinamia mpira, fimbo mkononi, na watazamaji walikuwa wamenyamaza kiasi cha kusikia nyasi zikimea. Katika ukimya huo sauti nzito ya kike ilitangaza msiba kwa Kikorea fasaha. Mchezaji alirudi nyuma. Msimamizi aliinua mikono yote miwili kuomba utulivu, akimwomba mtu mmoja tu. Yule mama alinikamata mkono wa shati, akaniuliza jambo kwa kutetemeka, na simu, ambayo haikujua kuona haya, ikanitafsiria: “Nani amekufa?”

Sikuwa na la kusema. Nilinyoosha kidole ubaoni.

Shemeji alirejea na chupa zake za maji, akatazama ubao, akanitazama mimi, na kwa sauti ya chini akanieleza kwamba kiwango cha uwanja ni mikwaju 72 kwa mashimo 18, na kwamba kila mkwaju unaopungua hapo ni faida, nayo huandikwa kwa wekundu. “Hao unaowalilia, Bwana Mhasibu, ndio wanaoongoza.”

Niliandika maelezo marefu ya kuomba radhi, safari hii nikiwa nimeizima sauti kabisa. Mama wa watu aliyasoma, akayasoma tena, kisha akacheka hadi akaketi chini. Msimamizi alitushauri kwa upole tukaendelee kutazama tukiwa mbali, na umbali alioutaka ulitufikisha karibu na maegesho ya magari.

Jioni, baada ya Korea Kusini kulitwaa kombe kwa mara yake ya tano, yule mama alitukuta pale pale maegeshoni. Aliinama kwa heshima, nami nikainama, kisha akanielekezea simu yake, ambayo sasa ilikuwa imeandikwa Kiswahili: “Asante kwa rambirambi. Marehemu ameshinda.”